Ndege Si Mwembe

"Fundi, strati hii inabeba tani mbili angani. Itashindwa na mimi, kilo themanini?"

Kijana aliyeniuliza alikuwa rubani mwenye leseni mbichi, na mkononi alishika kifuko kidogo kama nazi iliyofuliwa. Ndani yake mlikuwa na hamoki ya nailoni nyembamba, kitambaa jamaa ya parashuti, isiyofika hata nusu kilo. Tulikuwa tumetua kwenye kiwanja cha nyasi kusubiri abiria ambao, kama ilivyo desturi ya abiria wa ndege za kukodi, walisema saa nane wakimaanisha saa kumi na moja. Jua lilikuwa linaunguza, na kivuli cha karibu kilikuwa cha bawa la Cessna yetu, lililoshikiliwa na strati, ule mhimili wa mshazari unaotoka ubavuni. Nilimwambia angoje kwanza. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua, na jibu la haraka, liwe ndiyo au hapana, lingekuwa la uongo.

Wazo lenyewe la kufunga hamoki kwenye ndege hakulibuni yeye. Alikuwa ameliona kwenye picha za marubani wa Marekani, na huko ndiko kwao. Kila mwisho wa Julai, mji wa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin hupokea maelfu ya ndege ndogo zinazokuja kwenye mkutano wa EAA, chama alichokianzisha Paul Poberezny mwaka 1953 na ambacho kimekuwa kikikutana hapo Oshkosh tangu 1970. Wengi wa marubani hao hawaendi hotelini. Wanaegesha kwenye nyasi, wanapiga hema chini ya bawa, na wanakaa siku kadhaa kama wavuvi walio dago. Kuna na wale wanaoukimbia umati wa Oshkosh, wanaotua kwenye viwanja vya porini vya Idaho kama Johnson Creek, ukanda wa nyasi wa mita elfu moja hivi uliobanwa na milima, kwenye mwinuko wa mita 1,500. Wengine huenda Utah, kwenye majangwa yenye vijia vya kutua vilivyochongwa na watafuta urani miaka ya 1950. Hao wote wana shida moja: baada ya saa mbili za kutikiswa kwenye kiti kidogo, mgongo unataka kunyooshwa, na ndege haina nafasi ya kupakia kitanda.

Niseme kidogo kuhusu jina, maana lilitupotezea dakika kumi siku ile. Mimi nilikiita kitu kile machela, na kijana akacheka. Kwake machela ni ile ya hospitali. Lakini wazee wanakumbuka machela nyingine, kitambaa kilichotundikwa kwenye mti mmoja mrefu, mabegani mwa wachukuzi wawili, mgonjwa au bwana mkubwa akining'inia katikati. Hiyo ni hamoki kabisa, tofauti ni kwamba miti yake ilikuwa inatembea. Wapo pia waliokulia kwenye nyumba zenye susu, wavu wa kutundikia chakula panya wasikifikie. Kitu cha kuning'inia si kigeni kwetu. Neno hamoki limetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, waliokuwa wakilala hivyo Columbus alipowafikia mwaka 1492, na mabaharia wa Ulaya wakakichukua kitu chenyewe kwa sababu ileile inayomvutia rubani: kinakunjika, ni chepesi, na hakihitaji sakafu.

Kuhusu wepesi, asiyeruka na ndege ndogo anaweza kudhani ni ubahili wa kupita kiasi. Sio. Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000 tangu 1956, ikishajazwa mafuta inabakiwa na uwezo wa watu watatu wa kiasi na mizigo kidogo, basi. Ndege za jamii ya Piper Cub ni za watu wawili na mkoba. Ukipanda kwenye kiwanja cha mwinuko wa mita 1,500 mchana wa joto, hewa imekuwa nyepesi, injini inahema, bawa linashika kidogo, na njia unayohitaji ili kuruka inarefuka. Kiti cha kukunja cha kilo 4 hapo ni anasa. Hamoki ya gramu 400, mikanda na kamba gramu 300, turubai jepesi la kuzuia umande: vyote pamoja havifiki kilo moja na nusu. Kwa hesabu ya uzito, hakuna kitanda kinachoishinda.

Sasa turudi kwenye tani mbili.

Kijana alikuwa sahihi. Ndege ya daraja la kawaida huundwa ivumilie mara 3.8 ya uzito wake angani. Cessna 172 ya kilo 1,111 ikizidishwa hivyo inapita tani 4, kila bawa likichukua nusu, na strati ndiyo inayolizuia bawa lisikunjike kwenda juu. Nikamwongezea hoja ambayo hakuifikiria: bawa hilohilo, likiwa limeegeshwa tu, limebeba tanki lenye petroli ya lita zaidi ya 100, karibu kilo 76. Bawa la Cessna linalala kila siku likiwa limebeba mtu mzima ndani ya tumbo lake na halilalamiki. Kwa hiyo kama ingekuwa suala la kilo 80 zinazovuta kwenda chini, tungefunga hamoki na mazungumzo yangeishia hapo.

Ila hamoki haivuti kwenda chini. Yaani inavuta kwenda chini kidogo, na kwenda pembeni sana.

Hili nililijifunza kwa makalio. Miaka mingi iliyopita, nyumbani, nilifunga hamoki ya kamba kati ya mkorosho na nguzo ya banda la kuku. Sikutaka ibonyee. Nilitaka inyooke kama kitanda cha mwanamume anayejiheshimu, nikaikaza mpaka ukiigusa inalia kama uzi wa gambusi. Nilipokaa, mkorosho haukutikisika. Nguzo ya banda, ambayo ilikuwa imebeba paa zima la makuti kwa miaka sita bila shida, iling'oka kutoka ardhini na kuja kunisalimia. Kuku walitawanyika, mke wangu akatoka jikoni, na mimi nikiwa chini nilishangaa jambo moja tu: paa lile lilikuwa zito kuliko mimi.

Paa lilikuwa linakaa juu ya nguzo. Mimi nilikuwa naivuta. Na kadiri kamba inavyonyooka, ndivyo mvuto unavyozidi, hadi kufikia viwango vinavyochekesha. Kamba ikining'inia kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, mtu wa kilo 80 anaivuta kila ncha kwa nguvu ya kilo 80. Ikikazwa iwe nyuzi 20, inakuwa kilo 117. Kwa nyuzi 10 ni kilo 230. Kwa nyuzi 5, hamoki iliyonyooka kama ile ya kwangu, kila ncha inavutwa kwa kilo 459, na karibu zote ni za pembeni. Hapo mtu ametulia tuli. Akijitupa kama watoto wanavyojitupa, zidisha tena.

Wauzaji wa hamoki wanazijua nyuzi 30 kama wali unavyoujua mchuzi. Hamoki ya mita 3.35 wanakushauri uifungie kamba ya mgongo, kamba nyembamba inayopita juu kutoka ncha hadi ncha, yenye urefu wa asilimia 83 ya kitambaa, karibu mita 2.8. Kamba hiyo inalinda mkunjo wa kitambaa hata kama mfungaji ni mjinga. Haimlindi asilimia mia, kwa sababu mikanda ya nje bado anaweza kuikaza atakavyo, lakini anapolala na kuiona kamba ya mgongo imekakamaa kupita kiasi, ajue amevuka.

Basi chukua Piper Cub, kipenzi cha wapenda pori, iliyotengenezwa karibu 20,000 kati ya 1938 na 1947. Ikiwa tupu ina kilo 345 hivi. Ni nyepesi kuliko ng'ombe dume aliyenona. Tuseme ncha moja ya hamoki iko kwenye bawa, mita 2 kutoka ardhini, na nyingine imefungwa kwenye kitu kilicho mbali upande wa nje, kwa mfano bawa la ndege ya jirani. Tuseme gurudumu liko senti 90 kutoka mstari wa katikati, na pale ulipofunga ni mita 1.4 nje ya gurudumu. Uzito wa ndege unaishikilia isipinduke kwa nguvu ya 345 mara 0.9, yaani 310. Hamoki ya nyuzi 30 inavuta pembeni kilo 69, mara mita 2. Na chini kilo 40, mara mita 1.4. Jumla 194. Ndege inabaki imesimama, ila karibu theluthi mbili ya ustahimilivu wake umeshaila wewe. Sasa ikaze hadi nyuzi 10. Mvuto wa pembeni unakuwa kilo 227, na jumla inapita 500. Bawa halijavunjika, strati haijapinda, pete ya kufungia haijang'oka. Ndege nzima ndiyo inayokuja kulala nawe.

Vipimo hivyo ni vya kukadiria, na kwenye nyasi zenye umande magurudumu yanaweza kuteleza kabla ndege haijainama. Cessna 172, yenye zaidi ya mara mbili ya uzito huo, haina hofu hiyo kwa urahisi. Lakini tazama swali lilivyobadilika. Kijana aliuliza kama strati ina nguvu. Alitakiwa kuuliza ndege imesimamaje.

Na kwa swali hilo la pili, ndege haziko sawa. Cub na jamaa zake zina gurudumu dogo mkiani. Uzito wao unakaa nyuma kidogo tu ya magurudumu makubwa. Ukiivuta kwa juu kuelekea mbele, mkia unakuwa mwepesi, na ikizidi, pua inaenda chini na propela inachimba mchanga. Kwa hiyo ndege ya mkia ivutwe kuelekea nyuma. Cessna 172 ina gurudumu la pua na uzito wake uko mbele kidogo ya magurudumu makubwa. Ukiivuta kwa juu kuelekea nyuma, inataka kukaa kitako, mkia chini. Hiyo ivutwe kuelekea mbele. Nimewaona watu wanaobishana kuhusu aina ya karabina, ile kulabu ya kushikiza kamba, kwa nusu saa, karabina ambayo ingeweza kuninyanyua mimi na pikipiki yangu, na hakuna aliyeuliza hamoki inavuta kuelekea wapi.

Strati yenyewe sasa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ina waraka wa ushauri kuhusu kufunga ndege ardhini, AC 20-35C, na humo inasema wazi: funga kwenye pete zilizowekwa kwa kazi hiyo, usifunge kwenye strati. Sababu yake ni kwamba kamba huteleza ikafika mahali pasipo na ulegevu, na hapo strati inaweza kupinda. Waraka unazungumzia kamba za kuzuia upepo, hauzungumzii watu wanaotaka kusinzia, lakini chuma hakijui tofauti. Strati imeundwa ivutwe kwa urefu wake, kama kamba ya ndoo kisimani. Inaweza pia kusukumwa kwa urefu wake kiasi. Kuvutwa kwa ubavu katikati, kama upinde, si kazi yake. Kijana alikuwa amekusudia kuzungusha mkanda katikati ya strati kwa kuwa ndipo palipo rahisi kufikika, na mkanda ungeteleza kwenye ule mteremko uliolainishwa kwa rangi hadi chini, ukichuna rangi njia nzima.

Kwenye Cub kuna mtego zaidi. Kati ya strati na bawa kuna vijiti vidogo vya kusimama, vinavyovutia macho ya mtu anayetafuta pa kufungia. Kazi ya vijiti hivyo ni kuizuia strati isitetemeke na isibetuke inaposukumwa. Ni vyembamba kwa sababu havibebi mzigo. Anayening'inia hapo anaharibu kitu ambacho uharibifu wake hautaonekana ardhini. Isitoshe, strati za Piper za chuma cha zamani zina historia ya kuoza kwa ndani: maji huingia, kutu inakula kutoka tumboni, nje rangi inang'aa. FAA ilitoa amri za ukaguzi, ile ya 1999 ikitaka strati zisizozibwa zichunguzwe kila miezi 24. Fundi anazigonga kwa kifaa chenye ncha kuona kama chuma kinabonyea. Mimi nikishaona ndege ya umri huo, sitaki hata mtu aegemee.

Basi tubaki na pete. Kwenye Cessna, pete iko chini ya bawa pale strati inapokutana nalo, na nyingine iko mkiani. Hapo ndipo ndoto ya picha inapokwama, kwa sababu ya urefu. Kutoka pete ya bawa hadi ubavu wa ndege hazifiki mita 2.8 zinazohitajika, na ubavuni hakuna pa kufungia isipokuwa mlango, jambo ambalo naomba nisiulizwe. Pete ya mkia iko mbali vya kutosha, ila iko chini mno. Utalala kichwa juu, miguu juu, makalio kwenye nyasi, au utakaza kamba ili usiguse chini, na tumeshaona kukaza kunaleta nini. Propela? Watu wamekatwa mikono na propela za injini zilizozimwa, kwa sababu waya wa sumaku uliokatika huiacha injini tayari kuwaka ikizungushwa kidogo. Hamoki inayobembea ikiwa imefungwa kwenye propela ni mtu anayejaribu kuwasha ndege kwa mgongo. Aileroni, flapu, bawa dogo la mkia: hivyo ni viungo vya ndege, vina bawaba na vipimo, havishikwi.

Inabaki kufunga ncha moja kwenye pete na nyingine kwenye kitu kisicho ndege: mti, nguzo ya uzio iliyokwenda chini, au chuma cha kuparafujia ardhini chenye mlingoti wa kukiinua. Au kuacha kulala na kukaa. Hapa nina maoni ambayo wapenzi wa hamoki hawayapendi. Kiti cha kuning'inia, kile kitambaa kinachofungwa kwenye nukta moja tu juu, ndicho kinachoifaa ndege. Hakivuti pembeni. Kilo 80 zinabaki kilo 80, zinaelekea chini moja kwa moja, kwenye pete iliyotengenezwa ivumilie dhoruba. Kwa Cub ileile ya hesabu yetu, uzito wa kupindua unakuwa 112 dhidi ya 310. Huwezi kulala fofofo humo, kweli, lakini utasoma gazeti, utakunywa chai, na miguu haitaning'inia nje ya bawa kuungua jua.

Upande gani? Kulia, kama ni Cessna 172. Kushoto chini ya bawa, nyuma tu ya strati, pana kijibomba cha kupumulia matanki. Tanki likipungua mafuta ni lazima hewa iingie, na kikizibwa injini itanyonya mpaka inyonye utupu. Mkanda wa hamoki uliofungwa vibaya unaweza kukipinda au kukiziba. Upande huohuo kuna bomba la kupimia mwendo na kitundu cha king'ora cha kuonya kwamba bawa linakaribia kupoteza nguvu. Na ukiwa umejaza matanki asubuhi ya baridi, mchana mafuta yanapanuka na kudondoka kupitia kijibomba hicho. Petroli ya ndege ina rangi ya buluu kidogo na inanuka kwa mbali. Mtu mwenye sigara chini yake, au mwenye jiko la gesi la kuchemshia kahawa, hana haja ya kuhangaika na pembe za kamba.

Juu ya kamba zenyewe sitakaa. Hamoki nyepesi hutundikwa kwa nyuzi za Dyneema, zenye unene wa milimita 3 hivi na nguvu ya mamia ya kilo. Ni kamba za ajabu, ila zinateleza, mafundo ya kawaida hayashiki, ndiyo maana ncha zake huingizwa ndani ya kamba yenyewe badala ya kufungwa. Pia huyeyuka kwenye nyuzi 150 hivi za joto, na bomba la moshi la injini iliyozimwa sasa hivi lina moto kuliko huo. Mikanda iwe ya poliesta, kwani nailoni hunyooka usiku na asubuhi umelala chini. Kamba za nyuzi za mimea, iwe manila au katani yetu ya Tanga, zikilowa hufupika, na iliyofungwa kwa nyuzi 30 jioni inaweza kuamka ikiwa imekakamaa.

Kuna jambo ambalo picha haziwezi kuonyesha, nalo ni upepo. Cub hujishikilia angani hata kwa mwendo wa kilomita 61 kwa saa. Igeuze sentensi hiyo: upepo wa kilomita 61 kwa saa ukiipiga kwa mbele, mkia ukiwa chini na pua juu kama inavyosimama siku zote, bawa halina habari kwamba rubani amelala. Litaruka. Tarehe 31 Machi 2011, dhoruba ilipopita kwenye maonyesho ya ndege ya Lakeland, Florida, makumi ya ndege ziliharibika, baadhi zikapinduliwa juu chini. Kwa ajili hiyo waraka wa FAA unataka kamba za kufungia ziweze kuhimili mvuto wa kilo 1,360 hivi. Kamba hizo na hamoki zinagombea pete ileile. Asiyefikiri anafungua kamba ya upepo ili karabina yake ipate nafasi.

Na hapa ndipo ninapoona mgongano ambao hauna dawa. Palipo na miti, hamoki haihitaji ndege: Idaho misonobari imejaa, funga kati ya miwili ulale. Ndege inatafutwa iwe mti pale pasipo na mti, kwenye jangwa la Utah, kwenye fukwe za changarawe za mito ya Alaska, kwenye uwanja mpana wa Oshkosh. Hayo ndiyo maeneo upepo usipokutana na kizuizi chochote. Unaiomba ndege iwe nguzo mahali hasa ambapo yenyewe inahitaji nguzo.

Kwetu desturi hii haijaota mizizi, na sidhani ni kwa ajili ya hesabu hizi. Ndege ndogo za Afrika Mashariki ni za kazi. Zinabeba watalii, wagonjwa, watafiti. Madaktari Warukao wa AMREF wamekuwa wakitumia viwanja vya vumbi tangu 1957. Anayelala chini ya bawa huku kalala kwa sababu kachelewa, na shughuli yake ya jioni ni kuzungushia magurudumu matawi ya miiba ili fisi wasitafune mipira. Watafiti Michael Grzimek na baba yake Bernhard walizunguka Serengeti kwa Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia, hadi Michael alipokufa humo Januari 1959 baada ya kugongana na tumbusi. Dornier ile ilikuwa na bawa la juu lisilo na strati hata moja. Kivuli tele, pa kufungia haba.

Siku ile, kijana alikuwa amenisikiliza mpaka akakunja uso. "Kwa hiyo mzee, jibu ni hapana?"

Nikamwonyesha mgunga uliokuwa mbele ya pua, upande wa kulia, kivuli chake kikiwa kimehamia upande mwingine lakini shina likiwa nene vya kutosha. Tuliisukuma Cessna nyuma hatua sita, tukaweka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu. Ncha moja kwenye pete ya kulia, nyingine kwenye mgunga, mkanda ukiwa juu ya kichwa changu. Nilinyoosha mkono mbele ya kamba, kidole gumba juu na cha shahada mbele, kama bastola ya watoto: kamba ikifuata mstari unaounganisha ncha za vidole hivyo viwili, uko kwenye nyuzi 30 za kutosha. Alikaa polepole. Bawa lilishuka kidogo, upana wa kidole, magurudumu yakatulia kwenye kabari. Dakika tano baadaye alikuwa anakoroma, miguu juani, kichwa kivulini, na mimi nimekaa kwenye debe.

Abiria walifika saa kumi na moja na nusu, wakiwa na haraka kana kwamba ni sisi tuliochelewa. Kijana aliirudisha hamoki kifukoni, akapakia mizigo, akaanza kuizunguka ndege kwa ukaguzi wa kabla ya kuruka. Alipita chini ya bawa la kulia, akagusa tairi, akatazama mafuta, akasonga mbele. Nilibaki pale. Akageuka. "Kuna nini?"

Kwenye pete kulikuwa bado na kitanzi cha Dyneema, cheupe, chembamba kama utambi wa koroboi, na upepo wa jioni ulikuwa umeshaanza kukichezesha.